Vibonzo vya Kununua Ukitaka Kuuona Mkono wa Mchoraji Ukikomaa

Mpwa wangu anachora. Hakuna daftari lake la hesabu lisilokuwa na sura za watu pembeni. Mwaka jana tulikuwa tumeinamia rundo la vitabu vya mitumba kando ya barabara, karibu na stendi kuu ya Kisumu, akanyanyua viwili vya Asterix na kuniuliza, "Mjomba, mbona Obelix wa hapa si yule wa huku?" Obelix, yule rafiki mnene wa Asterix, alikuwa amechorwa tofauti katika vitabu hivyo viwili.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kununua. Sifuati tena namba moja, mbili, tatu. Nachukua kimoja cha mwanzo, kimoja cha katikati na kimoja cha mwisho. Vitandaze vitatu hivyo mezani, na mtoto anayechora atajifunza mengi kuliko kwa vitabu kumi vilivyofuatana.

Nafasi ya kwanza naipa Asterix. Albert Uderzo alianza kuichora mwaka 1959 kwa hadithi za René Goscinny, na ukinunua kitabu cha zamani unapata mchoro wa zamani. Tafuta Asterix the Gaul cha 1961, Asterix and Cleopatra cha 1965, na Asterix in Belgium cha 1979. Katika kile cha kwanza mkono bado unatafuta njia: sura hazijatulia, Obelix hana kazi kubwa, na yule mbwa wake mdogo hajazaliwa. Ukifika kwa Cleopatra, umati mzima unajaa kwenye kisanduku kimoja na kila mtu ana uso wake.

Kile cha Ubelgiji ndicho nisichochoka kukishika. Goscinny alifariki Novemba 1977, kitabu kikiwa bado mezani. Fungua kurasa za kuelekea mwisho. Mbingu zilizokuwa safi zinaingia mawingu, kisha mvua inaanza na inaendelea kunyesha kisanduku baada ya kisanduku, ingawa hadithi yenyewe haikuihitaji. Uderzo alikuwa akimlilia rafiki yake kwa wino. Ukikuta kitabu hiki, usibishane sana na muuzaji. Vile vya tangu 2013 vimechorwa na Didier Conrad. Ni kazi nzuri, ila ni mkono mwingine unaofuata nyayo, kwa hiyo vinaweza kusubiri.

Ya pili ni Tintin, na hapa fungua macho. Hergé, Mbelgiji, aliianza Januari 1929 kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kuanzia miaka ya 1940, vitabu vyake vya awali vilitiwa rangi, na vingi vikachorwa upya. Basi unaweza kununua "cha zamani" kumbe umenunua mkono wa baadaye. Mfano mkubwa ni The Black Island. Hadithi ni ya 1937, lakini nakala ya kawaida ya rangi ni ya 1966. Wachapishaji wa Uingereza walikuwa wameorodhesha makosa 131 kuhusu nchi yao, kitabu kizima kikachorwa upya, na Bob de Moor, msaidizi wa Hergé, akatumwa huko kuchora treni, majengo na sare za polisi kama zilivyo. Kinapendeza, ila hakikuonyeshi mkono wa Hergé wa 1937.

Badala yake chukua The Blue Lotus. Toleo lake la rangi la 1946 lilichorwa upya kurasa chache tu za mwanzo; zilizobaki ni michoro ya miaka ya 1930. Kwa hiyo katika kitabu kimoja una mikono miwili ya mtu mmoja. Humo pia unaona alichofundishwa na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa kutoka China aliyekutana naye Brussels mwaka 1934: kuchunguza nchi ya watu kabla ya kuichora. Kiweke kando ya Tintin in Tibet cha 1960 uone mstari ulivyotulia. Kile cha Congo, Tintin in the Congo, kinadhalilisha Waafrika, na sikiweki mbele ya mtoto peke yake. Mkubwa akikaa naye, amweleze kwamba mwanzoni Tintin aliwafundisha watoto wa Congo kuwa Ubelgiji ni nchi yao, na mwaka 1946 somo hilo likageuzwa kuwa la hesabu.

Tatu ni Naruto, kibonzo cha Kijapani cha Masashi Kishimoto, juzuu 72, 1999 hadi 2014. Husomwa kutoka kulia. Nunua cha 1 na chochote baada ya 60. Epuka nakala za magendo: kivuli cha kijivu kikiwa kama masizi, umelipia karatasi tu.

Peanuts ya Charles Schulz ingekuwa ya kwanza kama ingepatikana kirahisi huku kwetu. Miaka karibu 50, tangu Oktoba 1950 hadi Februari 2000. Snoopy anaanza akitembea kwa miguu minne kama mbwa yeyote, na miaka ya mwisho mstari wenyewe unatetemeka kwa sababu mkono wa mzee ulitetemeka. Lakini mimi huagiza kutoka Nairobi, na vinakuja vizito na ghali. Anza na juzuu moja ya miaka ya hamsini na moja ya tisini.

Na Juha Kalulu wa Edward Gitau? Yeye nimemkusanya kwa mkasi, kutoka magazeti ya zamani ya Taifa Leo, mojawapo likiwa limefungia mandazi.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati na ukinuse. Joto na unyevu wa ziwa huleta ukungu, na ukungu huhamia vitabu vingine kabatini. Kagua uzi wa mgongoni, kisha hesabu kurasa, maana ya mwisho ndiyo hung'oka kwanza. Mimi hulipa kati ya shilingi 200 na 400 kwa mtumba mzuri, na jioni, muuzaji akianza kukunja turubai, huongezewa cha tatu.