Kambi ya vijana wakimbiaji Kapchorwa: tathmini ya mlezi

Kambi ninayoitathmini hapa inalea vijana wakimbiaji wilayani Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na jina lake siliandiki kwa kuwa wengi wanaoishi humo bado ni watoto wa shule. Binti wa dada yangu yuko pale, na mimi ndiye niliyetia sahihi kama mlezi wake.

Vipaji vya mbio havijawahi kuadimika huku Sebei, eneo lenye wilaya ya Kapchorwa na jirani zake. Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 huko Valencia mwaka 2020 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo hizo Paris mwaka 2024, ni mtoto wa Kapchorwa. Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, alilazimika kuvuka mpaka kwenda kufanya mazoezi upande wa Eldoret, Kenya. Peruth Chemutai naye, huko Tokyo mwaka 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki, katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mshindi hutambuliwa, na vyombo kama Polisi na Magereza huajiri wanariadha waliokwisha kuonyesha uwezo. Lakini msichana wa miaka 14 ambaye bado hajashinda chochote huamka kuchota maji, huenda shule kwa miguu, hurudi shambani, na usiku hulala hajashiba. Huyo hata ukimpa viatu vizuri kiasi gani, hatafika mbali.

Waanzilishi wa kambi hii wamelielewa jambo hilo, na ndiyo sababu ninaisifu kwa dhati. Wanampa kijana kitanda, karo, posho (yaani ugali wa mahindi) na maharagwe ya kutosha, sukuma wiki, maziwa kila jioni, na siku za likizo wanampa saa nzima ya kulala mchana, anasa ambayo mtoto wa mkulima haijui. Kocha ana daftari kubwa la mistari, na kila kijana ana ukurasa wake: upande wa kushoto umeandikwa muda wake wa mita 1,500, upande wa kulia alama zake za darasani. Alama zikishuka, mtoto hapelekwi mashindanoni hadi zipande. Katika ukurasa wa mpwa wangu nilikuta alama ya hesabu imezungushiwa wino mwekundu, na chini yake jina la kijana wa kidato cha tano aliyepangiwa kumsaidia jioni.

Sehemu kubwa ya gharama hulipwa na wakimbiaji wa kigeni wanaokuja kujinoa kwenye mwinuko, ambako hewa ni nyepesi na mwili hulazimika kuongeza chembe nyekundu za damu. Utaratibu huo una udhaifu wake, kwa maana mvua zikianza wageni hupungua, na nimeona kwa macho yangu maziwa yakiongezwa maji katika miezi hiyo.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni fomu ya makubaliano. Imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, ilhali wazazi wengi huzungumza Kupsabiny na Kiswahili, na ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba sehemu ya zawadi za fedha atakazoshinda mtoto itabaki kambini. Nilipomsomea dada yangu aliniuliza, "Kaka, mtoto tumemsomesha au tumemuuza?" Meneja alitueleza kwa upole kwamba fedha hizo huwalipia karo wanaofuata nyuma, nami naona ni haki, isipokuwa kifungu hakitaji kiwango wala mwaka wa kukoma, na deni lisilo na mwisho halifai kumfunga mtoto.

Hata hivyo, kambi ya namna hii naipima kwa wale wasioshinda, maana ndio wengi. Kijana mmoja aliumia kano ya kisigino, akaacha mbio kabisa. Hakurudishwa nyumbani. Aliendelea kulala kitanda kile kile na kulipiwa karo hadi akamaliza kidato cha nne, na sasa anasomea ufundi wa umeme Mbale. Kwa ajili yake peke yake ningetia sahihi tena.

Kwa mfadhili anayetaka kusaidia, ushauri wangu ni kwamba aulizie kwanza karo ya muhula na magunia ya mahindi ya msimu wa mvua, na viatu viwe baadaye. Mzazi naye aende na mtu wa kumsomea fomu, adai kiwango na miaka viandikwe kwenye kifungu cha zawadi, ndipo atie sahihi.