Kinanda Gani Ununue Ukitaka Kubadili Sauti za Padi Kwenye Staili

Padi tunayozungumzia hapa ni ile sauti ya nyuzi au sinthi inayoshika kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) chini ya staili, yaani usindikizaji wa kinanda unaojipiga wenyewe, huku ngoma na besi zikitembea. Usiichanganye na vile vitufe vinne vya kuchezesha vipande vilivyorekodiwa. Karibu kila kinanda cha staili kina padi, ila si kila kinanda kitakuruhusu kuibadilisha na kuhifadhi ulichobadilisha. Kuhifadhi ndiko kulikopanga orodha hii.

1. Korg Pa700. Staili ina traki nane, yaani sehemu za upigaji: ngoma, pakasheni, besi, na Acc1 hadi Acc5, ambazo ni za ala za kusindikiza. Hakuna iliyoandikwa padi, kwa hiyo zima Acc moja moja mpaka uipate. Iguse kwenye skrini, chagua sauti nyingine, kisha hifadhi kwenye Style Settings. Huhitaji kufungua kihariri cha staili, na hilo peke yake linaokoa muda mwingi. Sauti ikirudi ya zamani, angalia kama Original Style Sounds imewashwa, maana ikiwashwa staili hutumia sauti zake za asili. Pa1000 inafuata utaratibu huohuo na inaongeza efekti za sauti ya mwimbaji za TC-Helicon. Kama huimbi, Pa700 inakutosha.

2. Yamaha PSR-SX700 na SX900. Hapa padi ina jina lake: katika traki nane za staili, ni PAD, chaneli ya 14. Fungua Mixer, nenda ukurasa wa Style, gusa sauti ya PAD, chagua nyingine. Ukiishia hapo, ukichagua staili nyingine kazi yote inapotea. Ingia Style Creator uihifadhi kama staili yako kwa jina jipya. Kisha pitia Main A hadi D, zile sehemu nne kuu za staili. Baadhi ya staili zina amri ya kubadili sauti ndani ya sehemu moja, na padi yako inaweza kutoweka ukifika Main C. SX700 ina nafasi ya MB 400 ya sauti za ziada, SX900 ina GB 1. Kwa anayetaka padi za kupakia mwenyewe, tofauti hiyo ina maana.

3. Casio CT-X3000 na CT-X5000. Zina kihariri cha midundo (Casio huziita staili hivyo) kinachobadili sauti ya kila sehemu. Skrini si ya kugusa, hivyo kazi ni ya vitufe na subira. Tofauti kubwa ni spika: wati 6 kila upande kwa X3000, 15 kwa X5000.

Yamaha PSR-E373 tumeiacha nje. Ni kinanda kizuri cha kujifunzia, lakini sauti za ndani ya staili huwezi kuzibadili.

Kabla ya kulipa, weka tempo 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, na ubadili kodi kila mapigo mawili. Kila kodi inakaa sekunde moja tu, kwa hiyo padi inayochukua nusu sekunde kupanda itasikika kama inakuvuta nyuma. Chagua inayoanza haraka na kukatika haraka. Shusha volyumu yake hadi karibu 50 kati ya 127, punguza eko, na kama besi inasikika imezibwa, pandisha padi oktavu moja. Halafu hifadhi, zima kinanda, washa, iite tena staili ile. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya jaribio hili, achana naye.

Jambo la mwisho kwa wanunuzi wa Yamaha: traki za gitaa hutumia mara nyingi sauti za Mega Voice, ambazo nguvu ya noti huamua kama utasikia uzi, mkwaruzo au kugonga mwili wa gitaa. Ukiweka padi kwenye traki hiyo, mikwaruzo hiyo hugeuka noti zisizohusika na kodi. Badilisha PAD tu, gitaa liache lilivyo.