Baldur's Gate 3: Kambi Isiyo na Umbeya

Kabla sijawasalimia, nina swali. Mwenzako wa safari amekuwa mtumwa miaka 200, bwana wake akimtuma usiku kuwatongoza watu na kuwaleta wauawe. Sasa ametoroka. Mko naye safarini, mara anatokea mwanamke anakwambia: mwambie huyu rafiki yako aniume shingoni, mara moja tu, na mimi nitakupa dawa ya kukuongezea nguvu maisha yako yote. Rafiki yako hataki. Anakutazama. Utasema nini?

Shika jibu lako. Tutalirudia.

Haya, watazamaji wangu, hamjambo? Karibuni tena sebuleni kwangu, Migosi, hapa Kisumu. Mlio mnaousikia nyuma ni wa bodaboda wa kona. Niliwaomba wapunguze nikirekodi, wakacheka. Leo tunaichambua Baldur's Gate 3. Najua nimechelewa. Gemu ilitoka Agosti 2023 kwa kompyuta na Septemba mwaka huo huo kwa PlayStation 5, ikazoa tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, na kila mtu ameshaizungumzia. Lakini mimi nimeimaliza wiki jana, na wale wa Kondele mnaoniuliza kila siku "hiyo gemu yako ya mazimwi ina utamu gani", basi video hii ni yenu. Nitafichua mambo kadhaa ya katikati ya hadithi. Kama hutaki kuyajua, nenda ukapike omena, urudi dakika za mwisho nikizungumza bei.

Kwa ufupi sana. Imetengenezwa na Larian Studios, kampuni ya Ubelgiji, kwa kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi uitwao Dungeons & Dragons. Vita ni vya zamu, wewe unacheza, adui anacheza, na karibu kila jambo gumu unalojaribu linaamuliwa na dadu yenye nyuso 20. Unataka kumdanganya mlinzi? Rusha dadu. Kuvunja kufuli? Dadu. Mwanzoni kabisa umetekwa na viumbe wenye mikono ya pweza mdomoni, wakakupandikiza kiluwiluwi ndani ya kichwa, na kiluwiluwi hicho kikikomaa utageuka kuwa kama wao. Wenzako unaowaokota njiani nao wana viluwiluwi vyao. Kwa hiyo kundi lenu halikuunganishwa na urafiki. Mmeunganishwa na ugonjwa, kama watu waliokutana kwenye benchi la zahanati, kila mtu na kadi yake mkononi, kila mtu akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Hapo ndipo gemu iliponikamata.

Sisi wengi hapa tumekulia kwenye mpira wa pleistesheni. Unalipa sarafu zako, dakika zako zikiisha unampisha mwingine, na hadithi yote ni nani kamfunga nani. Binamu yangu alikaa hapa kwenye kochi akanitazama saa nzima nikizungumza na watu kambini, akauliza, "Sasa vita viko wapi?" Nikamkumbusha nyanya yetu wa Ahero.

Mnaojua hadithi ya Luanda Magere mtanielewa. Shujaa wa Waluo wa Kano ambaye mkuki haumwingii, mwili wake jiwe. Nyanya alipoisimulia, vita alivimaliza kwa sentensi moja: walipigana, akawashinda, basi. Lakini alipofika chumbani, aha! Alivuta kiti. Yule mke aliyeletwa kutoka kwa maadui, Luanda ni mgonjwa, mke anataka kumchanja dawa, wembe haukati. Luanda anamwambia, usinichanje mimi, chanja kivuli changu. Nyanya alinyamaza hapo. Alitunyima hewa. Sote tulijua mume amemwamini mtu, na tulijua itakavyomgharimu. Mkuki ulipokuja kuchoma kile kivuli, sisi watoto hatukushtuka, maana shujaa alikuwa ameshauawa tangu kitandani.

Larian wanajua kusimulia hivyo. Mapigano ni matamu, sikatai, nimemsukuma mtu kutoka juu ya daraja nikacheka peke yangu usiku wa manane. Lakini kinachokurudisha ni kambi. Jioni mnapumzika, moto unawaka, na yeyote mwenye jambo moyoni anakusubiri. Karlach ana injini ya kuzimu kifuani badala ya moyo. Amepigana vita vya watu wengine huko kuzimu miaka kumi, na mwili wake unawaka kiasi kwamba akikugusa anakuunguza. Ni mtu wa kucheka, wa kurukaruka, mwenye mapenzi kuliko wote pale, na hawezi hata kushikana mkono na mtu. Mpaka umtafutie chuma maalumu, mhunzi aitwaye Dammon aitengeneze ile injini mara mbili, ndipo anaweza kuguswa. Mimi nilipita mapango mawili bila kuangalia sanduku la dhahabu, natafuta chuma tu. Hakuna aliyenituma. Hapakuwa na mshale unaonielekeza wala zawadi niliyoahidiwa.

Shadowheart na Lae'zel nao ni kesi yao. Mmoja kuhani wa mungu wa giza, anaficha kitu kwenye mkoba. Mwingine ni askari wa watu wa Githyanki, na kitu hicho watu wake wanakitafuta. Mimi niliwaacha wakirushiana vijembe njiani, nikijua ni mzaha wa waandishi. Usiku mmoja naamka kambini, nakuta Shadowheart ameshika kisu kooni mwa Lae'zel. Usipojua la kusema, mmoja wao anaweza kufa usiku huo na gemu ikaendelea bila yeye. Dadu ikaanza kuzunguka, na saa hiyo hiyo stima ikapotea mtaa mzima. Nilikaa gizani na pedi ya gemu mkononi, ninawaza watu wawili ambao hawapo duniani. Iliporudi saa nane nilirusha tena. Wote wako hai, asanteni kwa maombi.

Sasa hesabu yenyewe inavyofanya kazi. Ukifanya jambo, maandishi madogo yanatokea pembeni: fulani amependezwa, fulani hakupendezwa. Kila mwenzako ana alama zake kwako. Karlach anapenda ukiwatetea wanyonge. Astarion, yule wa swali langu, mnyonya damu mwenye nywele nyeupe na maneno ya kejeli, anafurahia ukiwafanyia watu inda. Na si alama tu. Kuna wakimbizi wenye pembe waliojificha msituni, na ukiamua kuungana na maadui wao kuwachinja, Karlach na mwenzako mwingine, Wyll, wanakuacha. Wanaondoka moja kwa moja. Hukuwapiga wala hukuwatukana. Wameona wewe ni mtu wa aina gani, basi.

Sasa turudi kwa yule mwanamke. Anaitwa Araj, mnakutana naye kwenye mnara wa Moonrise. Anamtaka Astarion amuume. Astarion anakataa, damu yake inamchefua, na ile namna yake ya kutania inapungua ghafla. Araj anakugeukia wewe, kana kwamba wewe ndiye mwenye mali. Na hapa waandishi wamefanya jambo ambalo sijaliona likifanywa vizuri hivi kwingine: ile dawa ni ya kweli. Inakupa alama mbili za nguvu ambazo hazitoki tena. Kwenye gemu ya namna hii, alama mbili za kudumu ni utajiri. Mchezaji aliye ndani yako anaitaka. Kwa hiyo swali haliko kwa mhusika wako aliye kwenye skrini, liko kwako wewe uliyeshika pedi. Ukimsukuma, atakubali. Hilo ndilo linaloumiza, kwamba atakubali, kwa sababu miaka 200 amefundishwa kukubali. Ukimwacha aamue mwenyewe, baadaye anakuja kukushukuru, na kama mlikuwa mmeshaanza mapenzi, anakiri kwamba mwanzoni alikutongoza ili umlinde. Mapenzi yote ya mwanzo yalikuwa kazi. Ndiyo kazi pekee aliyofundishwa.

Neil Newbon, mwigizaji aliyempa sauti, alipewa tuzo ya uigizaji bora kwenye The Game Awards 2023. Sikiliza sauti yake inavyoshuka pale, utajua kwa nini.

Mimi nilisema hapana kwa Araj bila kufikiri. Dadangu mdogo, anayecheza hadithi yake kwenye mashine hii hii nikienda kazini, aliichukua dawa. Nilipomuuliza akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Wewe nawe. Ni gemu. Na nguvu mbili ni nguvu mbili." Hatukusemeshana mpaka chakula cha jioni. Mama akauliza nini mbaya. Tungemweleza vipi?

Sasa lawama, maana mkinijua mnajua lazima ije.

Kambi hii haina umbeya. Unasafiri na watu watatu, wengine wanabaki kambini kando ya moto. Na mengi unayoyafanya madogo madogo yanahesabiwa na wale uliokuwa nao tu. Kwa hiyo wachezaji wamegundua ujanja: ukitaka kutenda wema, mwache Astarion kambini. Ukitaka kuiba na kutesa, mwache Karlach. Jioni unarudi, wote wanakupokea kwa tabasamu. Jamani, watu wanaokula sufuria moja? Hapa Migosi nikigombana na mama wa mboga saa nne asubuhi, saa sita jirani ananiuliza kwa nini. Hao watu wamelala kwenye mahema yaliyopangwa duara, na hakuna anayemwambia mwenzake "unajua leo amefanya nini huko mjini?" Wanajua kukuhukumu, lakini hawajui kukusengenya. Na kusengenyana ndiko kunakoonyesha kwamba watu wana maisha yasiyokuhusu wewe.

Si jambo lisilowezekana. Kwenye gemu ya Mass Effect 3, ya mwaka 2012, kama hujawatongoza wenzako Garrus wala Tali, wawili hao wanaweza kuishia kupendana wenyewe. Unaingia chumbani unawafumania, unatoka taratibu. Nilipenda kule kuwa nje ya hadithi yao. Huku kwa Larian kuna maneno ya njiani, na mengine yanachekesha kweli, lakini uhusiano wenye uzito unapita kwako karibu wote. Wewe ndiye jua.

Pia walinitongoza haraka mno. Gemu ilipotoka, watu walilalamika kwamba ukimwonyesha mwenzako Gale, yule mchawi, wema kidogo tu anaona ni mapenzi, na Larian wakakiri kulikuwa na hitilafu kwenye vizingiti vya alama, wakarekebisha. Bado mimi naona kuna usiku mmoja wa sherehe ambapo kambi nzima inakutaka. Hata uwe mzuri namna gani, hapana.

Lakini niwape haki yao. Ukilinganisha na Dragon Age: Origins ya 2009, ambayo naipenda kama ndugu, kule ulikuwa unaweza kununua urafiki kwa zawadi. Mpe mtu sanamu, mpe kito, alama zinapanda, kesho anakwambia siri za utoto wake. Ila gemu hiyo hiyo ilikuwa na Alistair, ambaye ukimsamehe Loghain, aliyewasaliti wenzake, anakuacha, na zile zawadi zako zote hazimzuii. Nadhani Larian walilitazama lile la Alistair vizuri kuliko yale ya zawadi.

Mwisho wa hadithi nao ulikuwa mkavu ilipotoka. Unamaliza safari ya saa mia, unaaga kwa sentensi mbili. Novemba 2023 wakaongeza sherehe ya miezi sita baadaye, wenzako wanakutana tena kambini, kila mmoja anaeleza alikopita. Icheze hiyo. Usiizime mashine baada ya vita vya mwisho.

Ya kiufundi nayapitia mbio. Kwenye PlayStation 5 inakwenda vizuri hadi mfike mji wenyewe, sehemu ya tatu, hapo picha inakwamakwama mitaa ikijaa watu. Maandishi ni madogo kwenye runinga, sogeza kochi. Kwenye kompyuta inadai gigabaiti 150, kwa hiyo kama unategemea bando za simu, tafuta rafiki mwenye intaneti ya waya na umpelekee samaki. Hakuna Kiswahili, na Kiingereza chake ni kizito kidogo. Ina uchi na damu, watoto wasiwe sebuleni.

Bei yake ya kawaida kwa kompyuta ni dola 59.99, yaani zaidi ya shilingi elfu saba zetu. Kama unacheza ili ushinde haraka, pesa yako inunulie kitu kingine. Kama ulikuwa mtoto wa kuuliza nyanya "halafu yule mke akasemaje?", subiri punguzo ukiweza, kisha inunue. Kwa PlayStation 5 watu wawili mnaweza kucheza pamoja kwenye skrini moja, iliyogawanywa. Dadangu nami tumeanza safari mpya hivyo jana. Tumekubaliana mengi, nani atakuwa mwizi, nani atabeba dawa. La Araj hatujaligusa. Tuko siku nyingi kabla ya kufika Moonrise, na naona kila Astarion akisema neno, dadangu ananitazama mimi kwanza.