Umenyimwa taarifa: ofisi ya Ombudsman au Mahakama Kuu ya Mombasa?

Nchini Kenya, Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu barua yako, iwe ya Kiswahili au Kiingereza. Zikipita kimya, hesabu kwamba umenyimwa.

Kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, hulipi ada wala huhitaji wakili. Peleka ombi la mapitio ndani ya siku 30, ukiambatisha nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe yake. Hapa ndipo wengi hukwama: walimwachia barua karani wa mapokezi bila kubaki na nakala yenye muhuri, basi hawawezi kuthibitisha siku 21 zilianza lini. Kosa jingine ni kuomba "taarifa zote za taka". Omba mkataba wa kuzoa taka, wa mwaka fulani wa fedha, na bei ya mshindi wa zabuni.

Mahakamani ni gharama na subira. Wanaharakati wa Okoa Mombasa waliomba mikataba ya SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, mwaka 2019. Hukumu ya kuwapa haki ilitoka Mei 2022. Lakini hukumu hiyo ni nguzo kwa kila mwombaji wa leo.

Kwa kikundi cha mtaani, sisi tungeanza kwa Ombudsman, maana majaji huweza kuikataa kesi iliyomruka. Asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21.