Duka la michoro ya kale Upanga: manaiti, majoho, na mzee asiyeficha kasoro

Kama unapenda mavazi ya zamani, au unashona nguo za maigizo kama mimi, hili duka dogo la Upanga nalipa nyota nne kwa tano. Nyota tatu kati ya hizo ni za mzee mwenye duka, maana huyu mzee anakuonyesha kasoro ya bidhaa yake kabla hujauliza, na hapa Dar hilo nimeliona kwa wachache sana.

Ni chumba kimoja chini ya ghorofa la zamani, makabati ya droo pana, ndani michoro imelazwa na kutenganishwa na karatasi laini. Kuna ramani, ndege, maua, hayo sikuyaangalia sana. Mi nilifuata droo ya mavazi na mashirika ya manaiti wa Ulaya, yaani wale mashujaa waliopewa cheo na mfalme au mtawala wao, yale ya kuchongwa kwenye bamba la shaba halafu yakapakwa rangi kwa mkono, na jamani kwa mtu wa sindano hiyo droo ni ya kukaa nayo mchana kutwa.

Mfano yule naiti wa Ngozi ya Dhahabu, shirika alilolianzisha mtawala wa Burgundy, Philip, pale Bruges mwaka 1430. Kavaa joho jekundu hadi chini na mkufu wenye kondoo wa dhahabu ananing'inia kifuani, na ule mkufu ukiusogelea na lenzi unaona umeungwa kwa vyuma vya kuwashia moto na mawe yanayotoa cheche, kimoja kimoja, mchongaji hajaruka hata kimoja. Mwanzoni joho lao lilikuwa la sufu, mwaka 1473 ndio wakahamia mahameli, na kwenye mchoro unaona kabisa kwamba hii ni mahameli kwa jinsi mkunjo unavyoanguka mzito pale kwenye kiwiko.

Ila niliyemchukua mimi ni naiti wa Roho Mtakatifu wa Ufaransa. Hili ni shirika la mfalme Henri wa Tatu, 1578, na alilipa jina hilo kwa sababu alichaguliwa kuwa mfalme wa Poland siku ya Pentekoste, na mwaka uliofuata akarithi kiti cha Ufaransa siku ya Pentekoste tena. Joho lao jeusi la mahameli limedariziwa ndimi za moto za dhahabu mwili mzima, msalaba una njiwa katikati. Nilikuwa nahangaika na nguo za igizo la Pentekoste la kwaya yetu, kila wazo linaishia kwenye kanzu nyeupe na kitambaa chekundu, sasa nimeona ndimi za moto zinavyopangwa kwenye kitambaa, kubwa chini ndogo juu, zimeachiana nafasi ili zisizibane mtu akitembea. Hiyo peke yake ilinilipa hela yangu.

Sasa huyo mzee. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa lenzi ya sonara na kiti, akaniacha. Nikachagua michoro kadhaa nikamletea, ndipo akaanza, "Huyu naiti, mama, usimchukue kwa bei hiyo, angalia mguu." Alikuwa naiti wa Garter, shirika la Uingereza la Edward wa Tatu, la mwaka 1348 hivi, ambao wanavaa ukanda wa bluu chini ya goti la kushoto. Kwenye ule mchoro ukanda uko mguu wa kulia! Akaeleza kwamba mchongaji alinakili mchoro wa mwenzake moja kwa moja kwenye bamba, na bamba likichapwa picha inageuka, kushoto inakuwa kulia, kwa hiyo hiyo ni nakala ya nakala, ya zamani ndio lakini nakala, na bei akaishusha mwenyewe bila mimi kusema neno.

Kingine alichonionyesha nilikuwa sikijui kabisa. Kwenye ngao, chini ya rangi, kuna vistari. Tangu karne ya 17 wachongaji walikuwa na utaratibu, ambao padre Mjesuiti Petra Sancta aliusambaza kwenye kitabu chake cha 1638 Roma, kwamba mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni bluu, vidoto ni dhahabu, pakiachwa wazi ni fedha, mistari ikikatana wima na mlalo ni nyeusi. Yaani mchoro ukichapwa wino mweusi tu bado unasoma rangi zote. Basi kulikuwa na ngao moja imepakwa kijani kizuri kabisa, ukiweka lenzi mistari ni ya wima. Aliyepaka hakujua kusoma vistari, na mzee anasema rangi ile iliongezwa baadaye sana ili mchoro uuzike. Tangu hapo kila ngao naisoma mistari kwanza.

Sio kwamba rangi ya mkono haina thamani, hapana. Zile za wakati wake ni tamu, wapakaji, wengi wao wanawake na hata watoto, walikuwa na karatasi moja ya mfano mbele yao na wanapaka kwa rangi za maji nakala baada ya nakala, ndio maana ukilinganisha nakala mbili za naiti yuleyule wa Malta joho jeusi na msalaba mweupe wa ncha nane ni vilevile lakini mashavu ya huyu yamekolea kuliko ya yule. Rangi ikivuka mstari kidogo ujue ni mkono wa mtu. Ukiona vidoto vidogo vya rangi vimejipanga kwa lenzi, hiyo imetoka mashine ya juzi. Pia papasa ukingoni, bamba la shaba huacha alama ya kudidimia kuzunguka mchoro. Za mashine anazo pia, kaziweka kapu la pembeni na kaandika wazi kuwa ni za mashine.

Nyota iliyopungua ni ya fremu. Michoro anaipeleka kwa fundi wa nje, na huyo anabandika karatasi moja kwa moja kwenye kioo, nyuma anaweka plaiwudi. Kwa unyevu wa Dar karatasi inashika kioo, inaota ukungu, na plaiwudi inaleta madoa ya kahawia. Nimeona mchoro wa Venice umeharibika hivyo ukutani palepale dukani na imeniuma. Chukua bila fremu, tafuta fundi atakayeweka kadibodi isiyo na asidi kati ya kioo na mchoro, na usitundike mahali jua linapiga, rangi za maji zinapauka.

Halafu ningependa aongeze vitu vya kwetu. Ana kurasa za magazeti ya Uingereza zenye picha za Sultan Barghash alipokwenda London mwaka 1875, lakini zile zilichapwa nyeusi na rangi zimepakwa juzi juzi, joho la sultani limekuwa la waridi! Mzee amekiri mwenyewe ni rangi mpya, sawa, ila mwaka huohuo Barghash alianzisha nishani yake ya nyota, na ningelipa vizuri kupata mchoro wake.

Bei, za mashine elfu kumi na tano, za kweli zinaanzia laki moja na nusu, zile zenye rangi ya wakati wake zinapanda mpaka laki sita na zaidi. Anapokea simu na keshi. Ijumaa anafunga saa sita kwa ajili ya swala, anarudi saa tisa. Nenda asubuhi mwanga ukiwa mzuri, na uombe droo ya tatu kutoka chini, ndiyo ya manaiti.