Ngoma imeenda wapi? Uchambuzi wa mita ya Youlean kutoka Kisumu

Hamjambo watazamaji. Nawakaribisha katika chumba changu cha kurekodia hapa Kisumu, mwendo mfupi kutoka Kondele. Kifaa ninachokichambua leo hakishikiki mkononi. Ni programu ya kompyuta inayoitwa Youlean Loudness Meter, na kazi yake ni kupima ukubwa wa sauti ya wimbo kwa namna inayokaribia jinsi sikio la mwanadamu linavyousikia. Nitazungumzia toleo la bure, kwa kuwa ndilo ninalolitumia na ndilo ambalo prodyuza yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kulipata leo hii.

Niliitafuta mita hii kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimerekodi kikundi cha benga kutoka Ahero, chenye gitaa mbili, besi, ngoma na waimbaji watatu. Miksi, yaani mchanganyiko wa sauti hizo zote kuwa wimbo mmoja, ilipokamilika kila mtu aliifurahia. Nikaingia kwenye masteringi, hatua ya mwisho ya kuutayarisha wimbo, na kwa kuwa vijana wa kikundi hawakutaka wimbo wao upitwe na wowote ndani ya matatu, niliusukuma kwenye limita, programu inayoizuia sauti isipite kiwango, mpaka mchoro wa mawimbi ukajaa skrini kama tofali. Kiongozi wao, mzee aliyeanza kupiga gitaa enzi za santuri, aliusikiliza mara moja, akaniangalia na kuniuliza, “Kijana wangu, ngoma imeenda wapi?” Sikuwa na jibu siku hiyo. Ngoma ilikuwepo, sikuwa nimeigusa, na bado mzee alikuwa amesema kweli.

Ili kulielewa swali lake, tuanze na dari. Katika sauti ya dijitali kuna kiwango ambacho wimbo hauwezi kukipita, nacho huitwa sifuri. Pigo la ngoma lina kilele kirefu kinachodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ilhali gitaa na sauti za waimbaji hukaa chini yake. Umbali huo kati ya kilele cha pigo na wastani wa muziki ndio unaolifanya pigo lisikike kuwa pigo. Ukitaka kuupandisha wastani huku dari ikibaki palepale, hapana njia nyingine ila kuvikata vilele, na hiyo ndiyo kazi ya limita: huchungulia mbele kidogo, ikaona kishindo kinakuja, ikakishusha kabla hakijagonga dari. Ukiitumia kwa kiasi, hakuna atakayegundua. Ukizidisha, ngoma hushushwa hadi ikalingana na gitaa, na gitaa lenyewe huanza kuyumba kila ngoma inapogonga.

Sasa tazameni skrini yangu. Nimetengeneza masta mbili, yaani nakala mbili za mwisho, kutokana na miksi ileile ya kikundi cha Ahero. Ya kwanza ndiyo ile niliyoisukuma, na mita inaonyesha kuwa wastani wake kwa wimbo mzima ni LUFS hasi 7.2. Ya pili nimeitengeneza upya kwa utulivu, nayo inasoma hasi 12.8. LUFS ndicho kipimo chenyewe, na kwa kuwa huhesabiwa kutoka darini kwenda chini, hasi 7 ni sauti kubwa kuliko hasi 14. Angalieni pia namba ya kilele halisi. Masta ya kwanza, ambayo limita yangu iliniahidi kwamba haikupita hasi 0.1, kwenye mita hii inaonyesha desibeli 0.8 juu ya sifuri. Limita yangu haikudanganya. Ilikuwa ikihesabu nukta za dijitali peke yake, bila kuliangalia wimbi linalopita katikati ya nukta hizo sauti inaporudishwa kuwa umeme wa spika. Wimbo wa namna hiyo ukigeuzwa kuwa MP3 unaweza kukwaruza mahali ambapo faili la asili halikukwaruza. Masta ya pili ina kilele halisi cha hasi 1.

Tukiutoa wastani kwenye kilele, masta ya kwanza ina desibeli 8 kati ya wastani na kilele, na ya pili ina 11.8. Tofauti ni desibeli 3.8, na humo ndimo ngoma ya mzee ilimopotelea.

Mtu atasema kuwa angalau ya kwanza inasikika kwa nguvu zaidi. Ni kweli ukizicheza moja baada ya nyingine bila kurekebisha chochote, na hapo ndipo wengi wetu tumepotoshwa kwa miaka. Sikio halisikii besi, sauti za kati na sauti nyembamba kwa usawa, na hali hiyo hubadilika kadiri ukubwa wa sauti unavyobadilika. Watafiti Fletcher na Munson walilichora jambo hilo mwaka 1933. Muziki ukiongezwa sauti, besi huonekana kunenepa, na wimbo mzima huonekana umeboreka ingawa hakuna kilichoboreshwa. Mteja akisikiliza masta mbili kwa viwango tofauti, karibu kila mara ataichagua iliyo kubwa, na atatoa sababu nzuri za kuichagua.

Lakini YouTube haichezi masta hizo kwa viwango tofauti. Huupima wimbo na kuushusha ukizidi takriban hasi 14. Spotify nayo, katika mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kwenye hasi 14, na Apple Music, kipengele chake cha usawazishaji kikiwa kimewashwa, hutumia hasi 16. Mnaweza kuhakikisha hili nyumbani: fungueni video ya YouTube kwenye kompyuta, bofyeni kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, kisha mchague takwimu za kiufundi zilizo mwishoni mwa orodha. Masta yangu ya kwanza nilipoipandisha, takwimu hizo zilionyesha kuwa imezidi kwa desibeli 6.8, na kwamba inachezwa kwa asilimia 46 ya nguvu yake. Ile ya pili imeshushwa desibeli 1.2 tu. Kwa hiyo msikilizaji anazipata zote mbili zikiwa na wastani uleule, ila ngoma za ile ya pili zinachomoza juu ya gitaa kwa karibu desibeli 4 zaidi. Nilichokitoa kafara kwenye limita hakikuninunulia chochote.

Nitaziweka sasa zote mbili kwa wastani uliolinganishwa, sekunde ishirini ishirini, kuanzia pale gitaa la kwanza linapoachiwa njia na mwendo unapopanda. Sikilizeni ngoma inayopigwa kwa mguu, chini ya besi.

Mmesikia. Kwenye ya kwanza, kilele cha benga kinafika na hakuna kinachopanda, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshafika juu tangu ubeti wa kwanza. Hili linaniuma hasa kwa muziki wetu. Benga humwekea mchezaji sehemu ya mwisho ambapo maneno hukoma na gitaa hutawala, na wazee waliorekodi kwenye santuri ndogo walikuwa tayari kuugawa wimbo katika pande mbili ili sehemu hiyo ipate muda wake. Ni vibaya sisi, wenye nafasi ya kurekodi bila kikomo, tuwe ndio tunaoibomoa.

Mashindano haya ya kuukuza wimbo kuliko nyingine hayakuanzia kwetu. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuwa na uwezo wa takriban desibeli 96 kati ya sauti yake ndogo kabisa na dari. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ilitoa limita ya dijitali iitwayo L1, na kazi ya kuvikata vilele ikawa rahisi mno. Mwaka 2008 mashabiki wa kundi la roki la Metallica waligundua kwamba albamu mpya ya kundi hilo, Death Magnetic, ilisikika wazi zaidi ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero kuliko kwenye CD waliyoinunua, maana nakala ya mchezo haikuwa imesukumwa kama ile ya CD. Kwa upande wa vipimo, shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa mwaka 2006 kanuni ambayo mita hii na nyingine nyingi huifuata.

Nirudi kwenye mita yenyewe, kwa kuwa ina mambo ya kuangaliwa kwa makini. Namba ya wastani wa wimbo mzima haina maana mpaka uucheze wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na ni lazima uifute namba ya awali kabla ya kuanza. Nimeona watu wakisoma wastani wa nusu ya wimbo na kuutolea uamuzi. Namba ya muda mfupi, inayopima sekunde 3 zilizopita, ndiyo ninayoitazama ninapolinganisha ubeti na kilele cha benga. Kanuni ya upimaji pia huacha nje sehemu zilizo chini sana ya wastani, na nimeiona faida yake pale mwimbaji anaponyamazisha vyombo ili afanye pakruok, yaani majigambo ya Kiluo katikati ya wimbo: kimya kile hakiuvuti wastani wa wimbo kwenda chini.

Kuna namba moja ambayo nawaomba msiitegemee kwa muziki wa kucheza, nayo ni ile ya upana wa sauti, inayopimwa kwa LU, kizio cha ukubwa wa sauti. Hiyo hulinganisha sehemu tulivu za wimbo na sehemu kubwa. Sauti ya benga hubaki karibu na ukubwa mmoja tangu vyombo vinapoingia, kwa hiyo namba hiyo itakuwa ndogo hata kama kila pigo la ngoma liko hai. Mtazame badala yake namba ya umbali kati ya wastani na kilele, ambayo mita pia inaionyesha. Mjue pia kuwa kipimo cha LUFS huipa besi ya chini kabisa uzito mdogo na kuziongezea uzito sauti nyembamba, kwa karibu desibeli 4. Gitaa la benga linalong'aa huipandisha namba upesi, na wimbo wenye besi nzito unaweza kusoma chini kuliko mwili unavyohisi.

Na matatu je? Vijana wa Ahero walikuwa na hoja. Flashi iliyochomekwa kwenye redio ya gari haisawazishi chochote, na mngurumo wa injini kati ya Kisumu na Maseno humeza kila kilicho kidogo. Kwa sababu hiyo siwaambii mlenge hasi 14 kama sheria. Nyimbo za kucheza huwa naziacha kati ya hasi 11 na hasi 9, kisha naibana sauti ya mwimbaji, yaani napunguza pengo kati ya maneno yake madogo na makubwa, kwenye miksi, mapema, ili maneno yasizame garini. Kazi hiyo ikifanyika kwenye miksi, limita ya mwisho hubaki na kazi ndogo. Dereva ana kitufe cha kuongeza sauti, ila hana kitufe cha kuirudisha ngoma iliyokatwa.

Kwa hiyo uamuzi wangu kuhusu bidhaa hii ni kwamba toleo la bure linatosha kwa kazi ya masteringi ya kila siku. Maandishi yake ni madogo kwenye skrini ya kompyuta yangu, na anayeanza atahitaji jioni nzima kuzizoea namba zake. Haikufundishi kutengeneza masta nzuri. Inakuonyesha bei ya kila desibeli unayoiongeza, na mimi nilikuwa nikiilipa bei hiyo bila kuijua.

Nimebakiza sampuli moja. Ni nyatiti niliyoirekodi bila kipaza sauti cha karibu, mpigaji akiwa amevaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, anayoigonga kwenye mwili wa chombo huku vidole vikivuta nyuzi nane. Mlio huo wa chuma ndio ngoma yake yote. Haujapita kwenye limita hata kidogo, na mita inasoma hasi 18, kwa hiyo YouTube haitaupandisha. Ongezeni sauti nyie wenyewe kidogo, kisha msikilize mguu.