Machimbo ya Walcott: Magoti Yatauma, Macho Yatashiba

Anayetaka kuona visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa katika mawe) vya Burgess Shale, tabaka la mawe lenye wanyama wa bahari ya kale, pale pale vilipofukuliwa, katika Hifadhi ya Taifa ya Yoho nchini Kanada, hana budi kulipia msafara wenye kiongozi, kwa kuwa eneo hilo haliruhusiwi kuingiwa kiholela na kuondoka na hata kipande kimoja cha jiwe ni kosa kisheria. Kwenda na kurudi ni kilomita zipatazo 21, na kupanda kwake kunazidi meta 800. Tuliondoka asubuhi na mapema, tukarudi jioni tukichechemea.

Machimbo yenyewe, kwa kuyatazama tu, ni ukingo wa mawe ya kijivu yanayobanduka kama kurasa. Kiongozi wetu alinikabidhi kipande nilichokiona kitupu, akaniambia nikiinamishe polepole kuelekea jua. Hapo ukajitokeza utando mweusi unaong'aa, nao ni Marrella, mnyama mdogo kama ukucha, mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma na miguu myembamba kama nyuzi, aliyefukiwa na tope la bahari takriban miaka milioni 508 iliyopita. Kwangu mimi, dakika ile peke yake ilirudisha nauli.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kiongozi hakuficha makosa ya wataalamu. Charles Walcott, mwanajiolojia Mmarekani aliyevigundua visukuku hivi mwaka 1909, aliwagawa wanyama wake katika makundi yaliyokwisha kujulikana, ingawa wengi hawakufaa humo. Mikono ya Anomalocaris, mnyama mwindaji wa bahari hiyo, ilidhaniwa kuwa kiwiliwili cha kamba wa baharini, na mdomo wake ukaitwa yavuyavu, hadi Harry Whittington na Derek Briggs walipoonyesha mwaka 1985 kwamba vyote ni vya mnyama mmoja. Hallucigenia naye, mnyama mdogo kama mnyoo mwenye miguu na miiba, alichorwa mwaka 1977 akitembelea miiba yake, na ilipofika 1991 ndipo alipogeuzwa miguu chini.

Kasoro ni kwamba muda wa kukaa juu ulikuwa mfupi mno, na Pikaia, anayehesabiwa kuwa karibu na ukoo wetu wenye uti wa mgongo, tulimwona kwenye picha tu. Vielelezo vya Walcott, zaidi ya 65,000, viko katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, Marekani.

Atakayekwenda abebe fimbo, maana mteremko ndio unaoumiza, na aombe siku ya jua, kwani chini ya mawingu utando ule hauonekani kwa urahisi.